Jivu Ndilo Linaloamua: Uzoefu Wangu na Zege Lisilo na Saruji

Wanaonitafuta kuhusu zege la jiopolima karibu wote huanza na ombi moja: nipe vipimo. Jivu kilo ngapi, kostiki kilo ngapi, maji ndoo ngapi. Nawaelewa. Aliyezoea saruji hufungua mfuko ulioandikwa 32.5 au 42.5, namba za nguvu ya saruji, na mfuko wa leo unafanya kazi ileile iliyofanywa na ule wa mwezi uliopita, kwa sababu kiwanda kizima kimejengwa kuhakikisha hivyo. Malighafi ya jiopolima ni taka, na aliyeizalisha hiyo taka alikuwa na haja nyingine kabisa: umeme, chuma, mchele. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulijua jivu lenyewe, vipimo vinafuata. Hilo nimejifunza kwa mikono yangu, kwanza India, kisha Dar es Salaam, na bado naendelea kujifunza.

Niseme kwanza kwa nini nahangaika nalo. Saruji ya Portland, iliyopewa hataza Uingereza mwaka 1824, hutengenezwa kwa kuchoma mawe ya chokaa pamoja na udongo hadi nyuzijoto 1,450 hivi. Jiwe la chokaa likiungua linaachia kabonidioksaidi, yaani hewa ukaa, iliyokuwa imefungwa ndani yake. Karibu asilimia 60 ya hewa ukaa inayotokana na kutengeneza saruji inatoka kwenye jiwe lenyewe, si kwenye makaa yaliyolichoma. Maana yake, hata ukipata tanuri linalowaka kwa umeme wa jua, zaidi ya nusu ya hewa hiyo itatoka vilevile. Dunia inatengeneza takribani tani bilioni 4 za saruji kwa mwaka, na saruji peke yake inabeba asilimia 7 hadi 8 ya kabonidioksaidi yote inayosababishwa na binadamu. Sisi ambao bado hatujamaliza kujenga madarasa na zahanati hatuwezi kuambiwa tuache kujenga. Ndiyo maana natafuta kitu kingine cha kujengea.

Jiopolima inapita njia tofauti. Unachukua kitu ambacho tayari kimepita motoni na kina silika (kile kinachojenga mchanga) na alumini kwa wingi, kama jivu la makaa ya mawe, mavi ya chuma, yaani takataka za kuyeyushia chuma, yaliyosagwa au udongo mweupe uliochomwa. Unakimwagia alikali kali, kwa kawaida kostiki soda na silikati ya sodiamu. Alikali inayeyusha silika na alumini, kisha vitu hivyo vinashikana upya na kufanya wavu mmoja mgumu unaozikamata kokoto na mchanga. Mawe ya chokaa hayamo. Mwanasayansi Viktor Glukhovsky alikuwa akifanya kazi ya namna hii Kyiv, Ukraine, tangu miaka ya 1950, na jina jiopolima lililetwa na mkemia wa Ufaransa, Joseph Davidovits, miaka ya 1970. Si jambo la jana.

Mimi nililikuta Tamil Nadu, kusini mwa India, nilikokwenda kusoma shahada ya pili ya uhandisi ujenzi. Makaa ya mawe ya India yana majivu mengi mno, kati ya asilimia 30 na 45. Choma tani moja, unabaki na kilo mia tatu au zaidi za jivu. Lile jepesi linanaswa kabla halijatoka na moshi, na lisilopata mnunuzi linachanganywa na maji na kumwagwa kwenye mabwawa makubwa. Nilipelekwa kuona bwawa moja la namna hiyo wakati wa kiangazi. Juu pamekauka, upepo ukivuma vumbi linapanda na kwenda moja kwa moja kwenye nyumba za jirani, linaingia kwenye nguo zilizoanikwa na kwenye masufuria. Tangu 1999 serikali ya India imetoa maagizo kwamba watengeneza matofali walio karibu na mitambo ya umeme wa makaa watumie jivu, na nilielewa sababu yake nilipowasikia watoto wa pale wakikohoa.

Maabara yetu ilikuwa na mapipa ya jivu kutoka sehemu mbili za jimbo lilelile, Mettur na Neyveli. Kwa macho ni unga wa kijivu, mmoja umekolea kidogo kuliko mwingine, basi. Jivu la Mettur linatokana na makaa ya mawe ya kawaida na lina kalsiamu kidogo. La Neyveli linatokana na lignaiti, makaa machanga ya kahawia, na kalsiamu yake iko juu. Tulipochanganya kila moja na alikali ileile, kwa uzito uleule, la Neyveli lilianza kukaza tukiwa bado tunalishindilia kwenye moldi. Mwenzangu alikuwa anapiga kingo za moldi kwa nyundo ya mpira na mchanganyiko ulikuwa umeshagoma kutulia. La Mettur halikuwa na haraka yoyote. Vipande tulivyoviacha mezani, kesho yake ukivikwaruza kwa ukucha ukucha unaingia. Vile tulivyovifunga plastiki na kuviweka kwenye oveni ya nyuzijoto 60 kwa saa 24 vilitoka vigumu, vinalia ukivigonga.

Kuanzia siku hiyo niliacha kuamini vipimo vinavyosambazwa bila kutaja jivu lilikotoka. Mwalimu wetu alikuwa na utaratibu niliouona mgumu mwanzoni na ambao sasa naufuata mwenyewe: hakuna kufungua chupa ya kemikali mpaka umeandika jivu lako limechomwaje, limesagika kiasi gani, na lina mkaa usioungua kiasi gani. Mkaa huo unanyonya maji na alikali na hauchangii chochote.

Oveni ilikuwa inanikera. Kwenye kiwanda cha mabomba au mihimili unaweza kuwa na chumba cha mvuke, lakini mtu anayemwaga msingi wa nyumba atapata wapi oveni? Jibu tulilolipata, na ambalo wengi duniani wamelifikia, ni kuchanganya jivu la kalsiamu kidogo na mavi ya chuma yaliyosagwa laini, yale yanayotoka kwenye tanuri kubwa la kuyeyushia madini ya chuma. Kalsiamu iliyomo kwenye mavi hayo inaukaza mchanganyiko katika joto la kawaida, na joto la kawaida la Chennai, mji mkuu wa Tamil Nadu, ni nyuzi 30 na ushee. Ukizidisha unarudi kulekule kwa Neyveli, zege linakufa kwenye toroli. Kupata kiasi kinachotoa muda wa kutosha kumwaga na kusawazisha ndiyo ilikuwa kazi yetu kubwa, na kila shehena mpya ilitulazimu kupima tena.

Kuna jambo la maji ambalo kila fundi lazima aambiwe mapema. Zege la jiopolima linanata. Silikati ni nzito na inang'ang'ania koleo kama ugali usioiva vizuri, na fundi yeyote mwenye uzoefu akiona hivyo mkono wake unakwenda kwenye ndoo. Kwenye saruji sehemu kubwa ya maji inaingia ndani ya jiwe jipya linalozaliwa. Kwenye jiopolima maji ni chombo cha kusafirishia tu, yanasaidia vitu vikutane halafu mengi yanatoka na kuacha vitundu. Kila ndoo ya ziada inapunguza nguvu. Dawa yake ni vaibreta: ukilitikisa, zege lile lile lililoonekana limekufa linatiririka na kujaza pembe.

Niliporudi Dar es Salaam nilikuwa na shauku ya kuanza mara moja, na jambo la kwanza lililonikabili ni kwamba jivu hakuna. Umeme wetu mwingi ni wa gesi na maji. Makaa ya mawe ya Ngaka yanachimbwa, lakini sehemu kubwa ya yale yanayochomwa hapa nchini yanaingia kwenye matanuri ya saruji, na humo jivu linaishia ndani ya klinka yenyewe, yaani yale mawe yaliyochomwa yanayosagwa kuwa saruji. Viwanda vyetu vya nondo vinayeyusha chuma chakavu kwa umeme, na takataka zake si sawa na mavi ya tanuri la madini. Kuna aliyenishauri kwa nia njema niagize jivu kutoka India kwa meli. Sikulikubali wazo hilo hata kwa dakika moja. Taka inayovuka bahari kwa mafuta ya meli ili iitwe rafiki wa mazingira imekwisha kupoteza maana yake.

Basi nikauliza: sisi hapa tuna nini? Tuna kaolini ya vilima vya Pugu, udongo mweupe ambao wafinyanzi na wanajiolojia wanaujua miaka mingi. Tuna majivu ya volkano Mbeya na ukanda wa kaskazini, ambayo viwanda vya saruji tayari huyachanganya na klinka. Na tuna pumba za mpunga. Kila kilo 100 za mpunga zinatoa kama kilo 20 za pumba, na pumba hizo zikiungua zinabaki kama kilo 4 za jivu ambalo silika yake mara nyingi inazidi asilimia 85. Nyuma ya vinu vya Mbarali, Kyela, Kilombero na Kahama kuna vichuguu vya pumba ambavyo wenye vinu wanavichoma moto ili wapate nafasi tu.

Kaolini ikiwa mbichi haifanyi kitu. Ukiichoma kwenye nyuzijoto 700 hadi 800 maji yaliyofungwa ndani ya chembe zake yanatoka, mpangilio wake unavurugika, na hapo inakuwa metakaolini, yenye hamu ya kuungana na alikali. Moto ukiwa mdogo inabaki udongo. Ukizidi sana inajipanga upya kuwa madini mengine, tulivu, yasiyotaka kuungana na chochote. Tulitumia tanuri la mfinyanzi lenye kipimajoto, na yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba rafu ya chini na ya juu za tanuri moja hupishana joto. Tulichopakua juu tukakiweka gunia lake, cha chini gunia lake, na havikufanana kwa nguvu.

Jivu la pumba nalo lina tabia yake, na hapa macho yanasaidia. Jeusi tii lina mkaa mwingi. La kijivu hafifu, lililoungua polepole kwa moto wa wastani, ndilo zuri, silika yake bado haijajipanga. Lile jeupe lenye wekundu kwa mbali, unalolikuta katikati ya tanuri la matofali ya kuchoma, mara nyingi limepata moto mkali mpaka silika ikawa fuwele, na alikali inahangaika kuliyeyusha. Nimewahi kusimama na wachoma matofali wa Ifakara tukichambua majivu ya tanuri moja kwa rangi, ndoo tatu tofauti. Mzee mmoja akaniambia, "Kijana, hili jivu tunalitupa tangu babu zetu, leo unatuchagulia kama mchele." Nikamwambia ndiyo mzee wangu, hii inayofanana na wingu la mvua ndiyo naitaka.

Kuhusu alikali, nilitegemea ingekuwa kikwazo kikubwa. Kumbe ipo Kariakoo, kwenye maduka ya malighafi za sabuni. Kostiki soda kwenye mifuko, silikati kwenye mapipa ya plastiki. Akina mama wanaotengeneza sabuni za miche wamekuwa wakishika kemikali zilezile tulizokuwa tunazivalia makoti ya maabara. Nilikwenda kwa mmoja wao Mbagala, nikamwamkia, nikamwomba anionyeshe anavyoyeyusha kostiki. Alinitazama vizuri kwanza.

"Umeshawahi kuungua nayo?"

"Hapana, mama."

"Basi usianze leo. Maji kwanza, mwanangu. Maji kwenye pipa, halafu soda kidogo kidogo huku unakoroga. Ukianza na soda ukaimwagia maji, inakurukia usoni."

Hicho ndicho kila kitabu cha kemia kinasema, ila yeye alikuwa na mambo ambayo vitabu vinayapita haraka. Pipa liwe la plastiki ngumu, kamwe lisiwe la alumini, maana kostiki inaila alumini na kutoa hewa inayoshika moto. Koroga nje, upepo ukitokea mgongoni. Acha mchanganyiko upoe hadi kesho yake ndipo uutumie, kwa sababu unapoyeyuka unachemka wenyewe. Alikuwa na haidromita yake ya kioo ya kupimia ukali, na alipima kila pipa bila kuruka hata moja. Kwenye kazi zetu kipimo cha kawaida ni gramu 400 za kostiki katika lita moja ya mchanganyiko uliokamilika, wakati mwingine chini au juu ya hapo. Tangu siku ile hakuna kijana anayefanya kazi na mimi bila glovu ndefu, buti na miwani inayofunika macho pembeni. Ikimrukia mtu, ni maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha hospitali. Jicho halina mjadala.

Alikali pia ndiko hesabu ya mazingira inakojificha, na hapa sipendi tudanganyane. Silikati ya sodiamu inatengenezwa kwa kuyeyusha mchanga na magadi katika joto linalozidi nyuzi 1,000. Kostiki inatengenezwa kwa kupitisha umeme kwenye maji ya chumvi. Watafiti wa Australia, Louise Turner na Frank Collins, walipojumlisha kila kitu mwaka 2013, pamoja na usafirishaji na joto la kukausha, walipata kwamba zege lao la jiopolima lilipunguza hewa ukaa kwa asilimia 9 tu likilinganishwa na la saruji. Wengine wamepata punguzo la zaidi ya nusu. Wote wanaweza kuwa sahihi, kwa sababu jivu, umbali na alikali vinatofautiana. Anayekuuzia asilimia moja kwa dunia nzima hajafanya hesabu ya mahali pako.

Kwa hiyo nguvu zetu nyingi sasa ziko kwenye kupunguza silikati ya kununua. Jivu zuri la pumba likichemshwa kwenye maji ya kostiki linayeyuka na kutoa silikati palepale, bila tanuri la nyuzi 1,000. Inahitaji sufuria kubwa ya chuma, moto wa pumba zenyewe, na subira ya kukoroga. Silikati hiyo haitoki safi kama ya pipa, ina weusi, na zege lake linakuwa na rangi ya moshi. Nguvu yake kwa matofali ya pevingi imeturidhisha.

Nimechagua pevingi kwa makusudi. Viwango vya zege tunavyovitumia kazini vimeandikwa kwa ajili ya saruji, vinataka kiasi fulani cha saruji na uwiano fulani wa maji na saruji, na mhandisi wa halmashauri akiulizwa ghorofa limeanguka kwa nini hawezi kujibu kwa habari za pumba. Aliponiuliza kiwango gani kinanilinda nilimwonyesha waraka wa Uingereza wa mwaka 2016, PAS 8820, unaohusu viunganishi vya aina hii. Akausoma, akaniambia kwa heshima kwamba kwa nguzo na mihimili hawezi kuidhinisha, lakini kwa njia ya kupita watu na mifuniko ya mitaro haoni shida. Nadhani alikuwa sahihi. Tofali la pevingi likikosea linang'olewa na kuwekwa jingine.

Anayeuliza kama kitu hiki kinabeba mzigo wa kweli namwelekeza Australia. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Queensland kilifungua jengo la Global Change Institute lenye mihimili 33 ya sakafu ya zege la jiopolima. Mwaka uliofuata uwanja wa ndege wa Wellcamp, karibu na Toowoomba, ulifunguliwa ukiwa na makumi ya maelfu ya mita za ujazo za zege hilo kwenye sehemu ndege zinapogeuka na kuegeshwa. Ila wao walitumia jivu la makaa yao na mavi ya chuma, kwa wataalamu waliolijua jivu hilo miaka mingi. Sithubutu kuchukua vipimo vyao na kuvimwaga Kilombero.

Mvua za kwanza zilituletea unga mweupe juu ya matofali tuliyoyatandika. Wateja waliogopa, wakadhani yanaoza. Ni sodiamu iliyobaki bila kazi, inapanda na maji hadi juu, inakutana na kabonidioksaidi ya hewani na kuwa magadi. Ukisugua inatoka, kisha inarudi. Tulipunguza alikali na kuyafunika matofali kwa plastiki wiki nzima kabla ya kuyauza, na unga ukapungua sana. Kwenye yale ya metakaolini peke yake bado upo kidogo, kwa hiyo sasa tunaongeza chokaa iliyosagwa kiasi kidogo, ambayo pia inasaidia yakaze bila joto.

Faida moja imenishangaza kwa uzuri: matofali haya yanavumilia asidi kuliko ya saruji, kwa sababu kalsiamu ni haba na chokaa huru ya kuliwa ni kidogo mno. Mama mmoja anayegandisha maziwa alikuwa na sakafu inayoliwa kila mwaka na maziwa yaliyochacha. Tukamwekea matofali yetu. Nawaza sana kuhusu mifuniko ya mashimo ya maji taka, ambako hewa yake inageuka asidi na kuitafuna saruji mpaka nondo zinaonekana.

Uingereza ilizima mtambo wake wa mwisho wa umeme wa makaa ya mawe Septemba 2024. Nchi nyingine zinafuata njia hiyo, na sawa zifuate. Jivu ambalo vitabu vingi vya jiopolima vimeandikwa juu yake litazidi kuadimika, na India nao siku moja watafika huko. Udongo wa Pugu na pumba za mpunga havitegemei makaa ya mtu. Msimu huu mwenye kinu mmoja ambaye zamani alikuwa akilipa tipa liziondoe pumba zake amekataa kunipa bure, anataka bei kwa gunia la jivu la kijivu, na la jeusi anasema nichukue tu. Tumekubaliana bei. Kijana wake sasa anachoma kwenye pipa lenye matundu, moto mdogo, na anachambua rangi mwenyewe kabla sijafika.